Chupa Namba 317

Maabara, Ijumaa, 7 Machi

Kaka,

Shikamoo. Najua utaitikia marahaba huku umekunja uso, kwa hiyo nafika moja kwa moja.

Redio ameniambia. Usimlaumu, dereva aliyepewa jina la Redio hana budi kutangaza. Jana alipoleta lile sanduku la sampuli kutoka hospitali ya kwenu, alinipa barua yako ya mistari minne kama kawaida, halafu akabaki mlangoni anachezea funguo. Nikamuuliza ana nini. Akasema alikukuta kwenye ngazi za karakana, ukakosa kipandio cha pili ukaenda chini kama gunia. Ukainuka, ukamkaribisha chai, na chai yote ukaimimina mezani, pembeni ya kikombe. Saa nne asubuhi, Kaka!

Kwa hiyo umerudia pombe. Miaka sita imekwenda na maji.

Ningekupigia simu, ila unatujua sisi: dakika ya tatu mmoja wetu ameshakata. Kwenye karatasi angalau hunikatizi. Basi nisikilize. Tumebaki wawili. Baba hayupo, Mama hayupo, na mimi sina ndugu mwingine wa kumgombeza. Tena unafanya kazi na msumeno wa umeme. Pombe na ule msumeno haviendi pamoja.

Mtihani wangu ni wiki mbili zijazo. Miaka yote hii nakata vipande vya wagonjwa na kuvipaka rangi ili wenzangu wavisome. Nikifaulu, na mimi nitakaa kwenye darubini. Nisaidie nifanye mtihani nikiwa na amani. Niandikie ukweli.

Mdogo wako,
Kibiriti


Karakana, Jumatano, 12 Machi
(Barua hii haikutumwa.)

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijagusa pombe. Natamani ingekuwa pombe, maana ile naijua ilivyoingia na ilivyotoka.

Ni jicho la kushoto. Mwaka jana kope lilianza kushuka, nikasema ni uchovu. Halafu jicho lenyewe likaanza kutokeza, kama kuna kitu kinalisukuma kutoka nyuma. Sasa haligeuki. Nikitazama kulia, la kulia linakwenda, la kushoto linabaki pale pale limekodoa mbele. Hapo ndipo ninapoona viwili viwili. Vikombe viwili, ngazi mbili, Redio wawili, na unajua hata mmoja anachosha.

Kazini hakuna aliyegundua, kwa sababu seremala akitaka kujua kama ubao umenyooka hufumba jicho moja. Basi nashinda nimefumba. Wateja wananisifu kwamba siku hizi napima kwa makini. Shida ni msumeno. Wiki iliyopita nilisahau nikafumbua yote mawili, nikaona misumeno miwili inazunguka. Nikasukuma ubao kuelekea ule ambao haukuwepo. Ule wa kweli ulipita kwenye ncha ya glavu yangu. Niliketi kwenye maranda mpaka mteja akaniuliza kama nina homa.

Daktari wa macho alidhani ni tezi ya shingo, vipimo vya damu vikakataa. Akanipiga picha, akasema misuli inayozungusha jicho imenenepa na hajui imejaa nini. Juzi alikata kipande. Nilimuuliza kama ni saratani, akajibu, "Tusubiri maabara."

Maabara ni wewe, Kibiriti.

Nilikiona ndani ya chupa. Ni kidogo kama punje ya mchele, kinaelea kwenye dawa. Jina hawaandiki, wameandika namba 317, umri na jinsia. Kesho kitasafiri na gari la Redio, pamoja na barua hii, na vyote viwili vitafika mezani kwako.

Nimeandika sentensi hiyo nikaweka kalamu chini. Baba alipougua uliacha masomo mwaka mzima ukamwosha miguu iliyovimba, ukarudi shuleni wenzako wameshamaliza. Safari hii hutaacha kitu kwa ajili yangu. Nitakuandikia nyingine.


Karakana, Jumatano, 12 Machi

Kibiriti,

Marahaba. Ni kweli, nimeteleza. Chupa mbili tatu, si za kila siku. Nitaacha, kama nilivyoacha zamani.

Usije huku. Nimepanga mbao mpaka kitandani, hata pa kukukalisha sina. Soma mtihani wako. Ukifaulu nitakutengenezea kiti cha kukalia kwenye hiyo darubini, chenye mgongo, maana najua unavyokaa umejikunja.

Msumeno naushika kwa uangalifu. Usiwe na wasiwasi.

Kaka yako


Maabara, Ijumaa, 21 Machi

Kaka,

Shikamoo. Kuhusu chupa mbili tatu nimeshasema yangu, sirudii. Naandika nikiwa nimenuna, lakini nina habari, na habari nzuri sina mwingine wa kumpelekea.

Nimefaulu!

Bosi wetu hatungi mtihani kutoka kwenye kitabu. Anachukua chupa iliyoingia wiki hiyo, ambayo hakuna aliyeisoma, hata yeye, anakukabidhi kuanzia kukata mpaka kutoa jibu. Mimi nilipewa namba 317, imetoka kwenye sanduku la huko kwenu. Msuli wa jicho la kushoto, mwanamume, miaka hamsini na moja. Umri wako kabisa. Nikasema moyoni, angalau Kaka yangu ana pombe tu.

Niligandisha kipande kwenye nta, nikakikata chembamba kuliko ganda la kitunguu, nikakitazama. Si saratani, hilo niliona mara moja. Lakini kati ya nyuzi za msuli kulikuwa na kitu kimejazana, laini, hakina umbo. Nikakisia. Nikapaka rangi nyekundu tunayoitumia kwa kazi hiyo, nikaweka vichujio viwili vya mwanga, nikazungusha kimoja polepole. Kaka, ule wekundu ukawaka kijani! Kijani cha tufaha bichi, kama vitabu vinavyosema. Miaka tisa nimepaka rangi ile na sikuwahi kuambiwa nitazame mwenyewe. Nilipiga kelele.

Inaitwa amiloidi. Ni protini ambayo mwili umeikunja vibaya, basi haiyeyuki, inajipanga humo ndani mpaka msuli unakuwa mgumu na hausogei. Kwenye jicho ni nadra kabisa, wapo hapa walioanza kazi kabla sijazaliwa na hawajawahi kuiona. Bosi aliita wenzetu wote wakapanga foleni kutazama. Halafu akaniuliza swali la mwisho: "Huyu mtu atakufa na nini?" Nikajibu bila kusita: moyo. Haikai sehemu moja, huwa inakwenda moyoni. Akanipigia makofi.

Nilimwonea huruma kidogo huyo bwana, halafu nikaenda kula. Nilikuwa na njaa kama sijala wiki.

Sasa nidai kiti changu? Chenye mgongo, umeahidi.

Mdogo wako, anayekaa kwenye darubini,
Kibiriti


Maabara, Ijumaa, 28 Machi

Kaka,

Jana Redio alikuja mikono mitupu. Anasema karakana imefungwa siku tatu, na mama wa duka la jirani amekuona umekaa nyuma kwenye rundo la mbao, hufanyi kitu, umeshika karatasi.

Kama ni maneno yangu ya ukali, nisamehe. Nakugombeza kwa sababu naogopa, si kwa sababu nakudharau. Sitaki kiti. Niandikie hata mstari mmoja kwamba uko salama.

Kibiriti


Karakana, Jumatano, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Mia tatu na kumi na saba ni mimi.

Nimeiandika mara nne nikaichana, na hii ya tano naitia kwenye bahasha bila kuisoma. Hakuna pombe, haijawahi kuwepo. Ngazi na chai vilikuwa ni jicho. Nilikudanganya ili ufanye mtihani wako, na wewe ukaufanya juu ya jicho langu.

Usijilaumu. Hukujua, nilikuficha mimi. Ila nilipokea barua yako mlangoni, nikaisoma nimefumba jicho la kushoto, nikafurahi ulipofurahi. Nilicheka uliposema ulipiga kelele. Nilifika kwenye "si saratani" nikamshukuru Mungu kwa sauti, Redio akageuka. Halafu nikafika pale chini.

Daktari hajaniambia chochote mpaka leo, anasema majibu hayajamfikia. Kwa hiyo mimi ndiye mgonjwa pekee ninayejua nitakufa na nini kabla daktari wangu hajajua ninaumwa nini.

Nina swali. Umeandika "huwa inakwenda moyoni." Hiyo "huwa" ni ya mara ngapi? Mimi nikimwambia mteja mbao za aina fulani huwa zinapinda, namaanisha tatu kati ya kumi. Wewe ulimaanisha ngapi?

Naogopa, Kibiriti. Sijawahi kukuandikia neno hilo. Nikilala chali nausikia moyo ukipiga, na nikilala ubavu nausikia zaidi.

Kaka yako


Maabara, Ijumaa, 4 Aprili

Kaka yangu,

Niliisoma barua yako jana kwenye korido, nimesimama, kisha nikairudia tangu mwanzo.

Kila kitu kilikuwa mbele yangu. Hospitali ya kwenu, umri wako, ngazi, chai pembeni ya kikombe. Mtu anayemimina chai pembeni ya kikombe anaona vikombe viwili, mtoto wa mwaka wa kwanza angejua. Mimi niliambiwa unayumba nikaona pombe, kwa sababu pombe ndiyo niliyokuwa nimeizoea. Na yale niliyoandika kuhusu huyo bwana! Nikaenda kula, Kaka. Niliandika kwamba nilikwenda kula.

Nilimfuata Bosi nikamwambia mgonjwa ni ndugu yangu, na kwamba nilimwaga siri za maabara kwenye barua. Nilidhani atanifukuza. Alivua miwani, akasema: "Lile swali sikupaswa kuuliza. Nilitaka ujisikie mtaalamu." Onyo la maandishi nimepewa, na ni haki yangu.

Sasa nakujibu swali lako kama nilivyopaswa kujibu lake. "Huwa" yangu ilikuwa ya kitabu, sikuihesabu. Wapo ambao inabaki kwenye jicho peke yake, haiendi popote, wanazeeka nayo. Wapo ambao jicho ni mlango tu, na imeshaingia kwenye figo, moyo, mishipa. Kwa kutazama kipande cha jicho hakuna anayeweza kusema wewe ni yupi. Nilijibu kwa kujiamini jambo nisilolijua.

Kuna kipimo. Wanachoma sindano kwenye kitambi, wanavuta mafuta kidogo, wanatuletea. Yakipakwa rangi yakabaki mekundu, ni dalili njema. Yakigeuka kijani, basi imesambaa. Halafu damu, mkojo na picha ya moyo. Na dawa zipo, hasa ikikamatwa mapema. Majibu ya jicho yalikwama kwenye sahihi ya Bosi, leo yametoka na Redio anayo. Jumatatu nenda kwa daktari, mwambie akupeleke kwenye kipimo hicho. Usiseme "nitaona."

Na msumeno uzime. Nakuomba kama nilivyomwomba Baba asiende.

Kibiriti wako


Karakana, Jumatano, 9 Aprili

Kibiriti,

Marahaba, ingawa safari hii hukunisalimia. Nimekusamehe, salamu na mengine.

Nilikwenda. Daktari alisoma karatasi yenu, akaanza kunieleza kwa upole sana, anazunguka mbuyu, mpaka nikamwambia, "Amiloidi, najua, nichome sindano ya kitambi." Akanitazama kama nimemsomea barua zake. Akanichoma. Huu mwili wangu mwembamba ulimpa shida, alitafuta kitambi dakika nzima.

Chupa ni namba 402. Inakuja kesho na barua hii. Safari hii sikufichi.

Msumeno nimeuchomoa. Waya nimempa mteja wangu, mama mmoja niliyemtengenezea kabati, anifichie. Aliuliza kwa nini, nikamwambia jicho linaumwa. Akasema alishajua tangu nilipomfungia mlango wa kabati umeinama, ila hakutaka kunivunja moyo. Kumbe miezi mitatu mtaa mzima unafungua makabati yaliyopinda na kunisifia! Nilicheka, halafu nikaingia ndani nikalia, kwa sababu nilidhani angalau kazi yangu ilikuwa bado salama.

Sasa napiga randa kwa mkono. Ninapanda ngazi polepole na kuhesabu pumzi nikifika juu. Asubuhi kabla ya kuvaa viatu nabonyeza miguu kwa kidole, natazama kama shimo linabaki, maana miguu ya Baba ilikuwa inabaki shimo. Mpaka sasa shimo halibaki. Au linabaki kidogo, sijui. Nikifumbua macho yote mawili naona miguu minne na nashindwa kujua ipi imevimba.

Nina ombi moja. Ukijua, niambie. Usiniletee habari za hali ya hewa, wala usimtume Redio aje na uso wa msiba. Tumefichana vya kutosha mimi na wewe. Hata kama ni mbaya, iseme kwa maneno, moja kwa moja, wewe mwenyewe. Najua ukinitazama tu usoni nitaisoma kabla hujafungua mdomo, na sitaki kuisoma usoni pako. Uso wako ndio pekee nilionao.

Kaka yako


Ijumaa, 18 Aprili

Kaka,

Shikamoo.

Nakuambia kama ulivyoomba.

Sheria inatukataza kugusa sampuli ya ndugu. Namba 402 alikata Bosi mwenyewe, akaipaka rangi mwenyewe, na mimi nilisimama koridoni mlango ukiwa wazi. Nilimwona akizungusha kichujio. Alizungusha, akarudisha, akazungusha tena. Alitoka kwenye kiti chake, akakisogeza kuelekea kwangu, akasema, "Kaa."

Sikukaa. Nilimwomba nitazame. Alisita, kisha akanipisha.

Mafuta yako mengi ni safi. Nilitembea kioo kizima, kona hadi kona, nikaanza kupumua. Halafu kwenye ukuta wa mshipa mmoja mdogo niliona mstari wa kijani. Nikatafuta mwingine, nikaupata. Na wa tatu. Si mingi. Lakini imo, Kaka. Haikubaki kwenye jicho.

Kama imefika moyoni, sijui. Hilo ndilo silijui, na safari hii sitajifanya mtaalamu. Bosi amempigia simu daktari mmoja wa magonjwa haya katika hospitali yetu, picha ya moyo ni Jumatatu saa tatu, na dawa zitaanza kulingana na watakachokiona. Bosi amesema wewe si wa kukatiwa tamaa. Nilimuuliza kama anasema hivyo kwa sababu ni kaka yangu, akasema hapana. Nilimtazama sana na ninamwamini. Nimepewa ruhusa ya wiki tatu, na kabla hujaanza kelele: kazi yangu inanisubiri, sijaacha kitu.

Naogopa na mimi. Njia nzima nimeogopa, Redio hakufungua mdomo hata mara moja, ujue jinsi nilivyokuwa.

Barua hii sikumpa yeye akuletee. Naimalizia nikiwa nimesimama nje ya karakana yako, karatasi nimeiegemeza ukutani. Mlango uko nusu wazi. Umeinama kwenye meza, umenipa mgongo, unapiga randa, na hujanisikia. Nitaingia taratibu, nitaiweka juu ya ubao karibu na mkono wako, halafu nitarudi nyuma hatua mbili, ili uisome hapa kwenye karatasi na si usoni pangu.

Isome mpaka mwisho. Usiwe na haraka, Kaka, siendi popote. Ukimaliza, geuka upande wa kulia, upande wa jicho lako zima. Nipo nyuma yako.

Mdogo wako